Harufu ya Boksi Lililolowa

"Wiki ya tatu hii, shemeji! Ya tatu! Chupa moja tu unanipiga nayo chenga!"

"Sikupigi chenga. Nimekwambia mashapo hayajatulia."

"Hayajatulia? Chupa imesimama kwenye rafu hiyo tangu Jumatatu kama askari wa gwaride. Itulie mpaka iote mizizi?"

"Shemeji, rudi jikoni. Vitunguu vyako vinakulilia."

"Vitunguu vinaweza kusubiri. Wageni arobaini wa Jumamosi hawawezi."

Mpishi mkuu alikuwa ameuziba mlango wa stoo ya mvinyo kwa mwili wake wote, aproni kiunoni, mwiko mkononi. Stoo hiyo ilikuwa chini ya ngazi za hoteli, chumba kirefu chembamba kisicho na dirisha, na kila alipoingia ilimbidi ainamishe kichwa, hivyo akawa anaonekana kama mtu anayeomba radhi huku anafoka. Mwanamke aliyekuwa akigombana naye hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anafuta chupa ambayo alishaifuta mara mbili asubuhi hiyo.

Huyo ndiye Mama Pua. Mke wa kaka yake mpishi, mama wa watoto watatu, mtunza mvinyo wa hoteli hiyo kwa miaka kumi na sita. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, siku aliposimama kwenye ngazi za nyuma, akanyoosha kidole kuelekea kreti lililokuwa bado linashushwa garini, akasema, "Hilo rudisheni. Kuna chupa moja humo imekuwa siki." Wapagazi walicheka. Walipofungua hawakucheka tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake, hata meneja, hata kwenye karatasi za zamu.

"Na wewe Kijiti," mpishi alisema, akimwelekezea mwiko msichana aliyekaa kwenye meza ndogo mwisho wa stoo, "siku zote mdomo kama redio, leo betri zimeisha? Mwambie mama yako mdogo aonje, tujue moja."

Kijiti alikuwa mtoto wa dada yake Mama Pua, msichana mwembamba wa miaka ishirini na minne, na mwaka wa tatu huu alikuwa anajifunza kazi chini ya gwiji huyo wa mvinyo. Alikunja kitambaa alichokuwa amekikunja tayari. "Mimi naona... labda kesho, baba mdogo."

"Kesho?" Mpishi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Ninyi mna nini? Mnaogopa chupa? Basi sikilizeni. Saa sita kamili nataka jibu. Wafaransa wanapanda mezani Jumamosi, au hawapandi. Nikikosa jibu nawafuata mwenyewe, nawamimina kwenye sufuria, nawapikia nyama."

Hapo Mama Pua aligeuka. "Thubutu."

"Saa sita," alisema mpishi, akaondoka. Baada ya hatua mbili akarudi, akachomoza kichwa. "Na mchuzi wangu wa wiki mbili nyuma uliungua, shemeji. Chini kabisa, mweusi. Ukaonja, ukasema safi. Wewe! Hilo bado halijanitoka."

Safari hii aliondoka kweli.

Wafaransa walikuwa masanduku manne ya mbao kwenye rafu ya chini kabisa, pale penye baridi zaidi. Mvinyo mwekundu kutoka Ufaransa, wa zabibu za pinot noir, wenye miaka kumi na moja sasa. Mama Pua ndiye aliyemshawishi mzee mwenye hoteli awachukue miaka minane nyuma, wakiwa bado wachanga na wakali, na ndiye aliyemwapia kwamba wakiachwa walale watakuja kuwa kitu ambacho wageni watakisimulia. Zabibu hizo, alimweleza, zina ngozi nyembamba. Hazitaki joto, hazitaki kutikiswa, na hazitaki kuharakishwa. "Kama mama mkwe wangu," mzee alisema, akatia saini.

Kila mwaka ilifunguliwa chupa moja kuona wamefika wapi. Mwaka wa kwanza walikuwa wote matunda na kelele. Baadaye wakanyamaza, wakajifunga, ikawa kama kunusa glasi ya maji. Mama Pua hakushtuka. Mvinyo wa aina hiyo hulala kabla ya kukomaa, na anayeuamsha katikati ya usingizi anaupoteza bure. Mwaka jana alisikia kitu kinaanza kujigeuza mle ndani. Mwaka huu ndio wa kuamua.

Na mwaka huu ndio Mama Pua hakuwa na pua.

Ilianza kwa mafua, miezi mitano nyuma. Mafua ya kawaida, ya siku nne, ya kuvuta mvuke na kulala mapema. Yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Asubuhi ya kwanza alidhani kahawa imechacha. Ya pili alidhani ni pua imeziba. Ya tatu aliifungua chupa ya siki ya jikoni kwake, akaiweka chini ya pua, akavuta pumzi mpaka macho yakatoa machozi, na hakusikia kitu. Palikuwa kimya, kama chumba ambacho mtu amezima redio iliyokuwa ikiimba miaka hamsini.

Alijiambia itarudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Katika kazi alitegemea kumbukumbu. Mvinyo mwingi wa hoteli aliujua kama anavyowajua watoto wake. Akiiona karatasi ya chupa tu aliweza kuandika ukurasa. Aliendelea kuzungusha glasi, kufumba macho, kutikisa kichwa polepole. Watu waliangalia kichwa kikitikisika, wakaridhika. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia dada yake. Angewaambia nini? Mama Pua asiye na pua ni nani? Ni mama mmoja mwenye funguo za stoo.

Halafu, wiki mbili nyuma, kitindamimba wake alirudi kutoka shule saa tisa alasiri, akasukuma mlango wa jikoni, na kupiga kelele, "Mama! Gesi! Hujasikia gesi?" Mama Pua alikuwa amekaa pale pale mezani, anachambua mchele, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Mtoto alifunga mtungi, akafungua madirisha yote, akamtoa mama yake nje kwa mkono kama anamtoa bibi kizee. Mama Pua alisema alikuwa na mawazo. Mtoto alimtazama tu. Tangu siku hiyo kila akitoka kwenda shule alipitia jikoni kwanza, akainama, akanusa, ndipo akaondoka. Mama yake alikuwa akimwona kupitia upenyo wa mlango, na moyo ulikuwa unamuuma kuliko kama angesemwa.

"Mama mdogo," Kijiti aliita kutoka mezani. "Tunafanyaje? Baba mdogo hatanii. Atakuja na sufuria."

Mama Pua alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika ishirini. Alitazama chupa mbili zilizosimama kwenye rafu. Kila mwaka alisimamisha mbili siku kadhaa kabla, ili mashapo yashuke chini, na alisimamisha mbili badala ya moja kwa sababu moja huweza kuwa mbovu.

"Leta madaftari," alisema. "Tuonje, tumalize."

Kijiti aliinuka kama mtu anayeitwa na mwalimu wa nidhamu.

Kuonja katika stoo ile kulikuwa na taratibu zake, na taratibu zote alizitunga Mama Pua mwenyewe. Siku ya kuonja hakuna manukato, hakuna sabuni yenye harufu, hakuna dawa ya meno baada ya alfajiri. Glasi zinasuuzwa kwa maji matupu. Mvinyo unamiminwa, kisha waonjaji wawili wanageuziana migongo, kila mmoja na glasi yake na daftari lake, wanaandika. Hakuna kuongea, hakuna kuguna, hakuna hata kukohoa kwa maana. Wakimaliza wanageuka, na mdogo anasoma kwanza. Aliziweka taratibu hizo miaka mitatu nyuma ili Kijiti asije akawa kasuku wake, ajifunze kuiamini pua yake mwenyewe.

Aliikata foili ya mdomo wa chupa, akaingiza kizibuo, akavuta. Kizibo kilitoka kizima, kimelowa nusu. Akakinusa kwa mazoea, akakiweka pembeni. Akamimina polepole, jicho likiwa kwenye shingo ya chupa, akiyaacha mashapo chini. Rangi ilikuwa nzuri. Hilo aliliona mwenyewe, hakuhitaji msaada: nyekundu iliyopoa, na pembezoni imeanza kugeuka rangi ya tofali.

Wakageuziana migongo.

Mama Pua alizungusha glasi, akaingiza pua, akavuta. Hamna. Akavuta tena kwa nguvu, kama mtu anayepiga simu kwenye namba iliyozimwa. Hamna. Akaonja. Ulimi ulimwambia yale machache ambayo ulimi unayajua: uchachu upo, ukakasi umepungua. Mengine yote yalikuwa giza.

Basi akachukua kalamu, akafanya alichokuwa akikifanya miezi mitano. Alikumbuka alichoandika mwaka jana, akakiongezea mwaka mmoja. Cheri zilizokaushwa. Majani makavu baada ya mvua. Uyoga kidogo, ngozi ya kiatu kipya kwa mbali. Maneno yalimjia vizuri, na kalamu ikawa inakimbia, mstari baada ya mstari, hadi akafika chini ya ukurasa na kugeuza wa pili.

Nyuma yake aliisikia kalamu ya Kijiti. Ilikuwa imeandika kitu kifupi, ikanyamaza. Ikanyamaza muda mrefu. Halafu ikaanza kukwaruza, kwaru kwaru kwaru, kama mtu anayechimba ukuta kwa kucha. Halafu ikaandika tena, haraka haraka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama mdogo."

Wakageuka. Kijiti aliliinua daftari karibu mno na uso wake.

"Nasikia cheri," alisoma. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Cheri kavu. Na... na majani. Na udongo kidogo. Ni mzuri. Umekomaa."

Mama Pua alipaswa kufurahi. Jibu lilikuwa limelingana na lake, mpishi angepewa Wafaransa wake, Jumamosi ingepita, na siri ingebaki tumboni. Lakini alikuwa amelea watoto watatu na huyu wa dada yake akawa kama wa nne, na alimjua mtoto anayesema uongo hata kama amempa mgongo.

"Hebu lete daftari."

"Nimeshasoma."

"Lete, mwanangu."

Kijiti alilitoa kama anayetoa jino. Juu ya ukurasa kulikuwa na mstari mmoja uliokwaruzwa mpaka karatasi ikatoboka. Mama Pua aliisogeza kwenye taa, akaigeuza nyuma, kule kalamu ilikoacha makovu yake. Akasoma.

Boksi lililolowa. Tambara la dekio lililosahaulika ndoo. Kizibo. Mwaga.

Alikaa chini.

Ugonjwa wa kizibo. Ndio kitu cha kwanza kabisa alichomfundisha Kijiti, siku ya kwanza, kabla hata hajamwonyesha swichi ya taa. Mara chache kizibo huingiwa na ukungu, na ukungu huo huuharibu mvinyo wa chupa hiyo moja, ukanuka boksi lililoachwa kwenye mvua. Ukisikia harufu hiyo usiandike shairi, alimwambia. Andika mstari mmoja, mwaga, wala usibishane na mtu. Na yeye mwenyewe alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu wa cheri.

"Kwa nini umefuta?"

Kijiti alianza kulia, kilio kile cha mtu aliyekizuia siku nyingi. "Nilisikia kalamu yako. Chupa mbovu inaandikwa mstari mmoja. Yako ilikuwa inakwenda tu, inakwenda tu, mpaka ukageuza karatasi. Nikajua nimekosea tena."

"Tena?"

"Mama mdogo, usijifanye hujui. Miezi sasa. Ule mweupe wa mwezi uliopita nilisikia siki, wewe ukaandika limau. Ule wa wageni wa harusi mimi nilisikia moshi, wewe ukasema nirudi ninuse tena. Nikarudi. Nikasikia moshi. Nikaandika ulichosema wewe." Alijipangusa kwa kiganja. "Pua yangu imekufa. Nimekwenda mpaka kwa daktari wa pua. Amenichungulia kwa tochi, ameniingiza waya, anasema ni nzima. Nikamwambia wewe humjui mama yangu mdogo! Nimeacha pilipili. Nimeacha sabuni, naoga maji kama samaki. Hakuna kilichosaidia." Akaingiza mkono mfukoni mwa sketi, akatoa bahasha. "Nimeandika barua. Meneja anipeleke mapokezi. Kule wananusa nini? Pasipoti tu."

Bahasha ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Kona zake zilikuwa laini kama kitambaa.

Mama Pua aliitazama bahasha. Alikuwa amepiga hesabu za kila namna miezi hiyo mitano: nani atagundua, lini, atasema nini. Katika hesabu zote hizo hakumwona mtoto huyu akirudi kwenye glasi, akinusa kweli, na kuandika uongo kwa sababu uongo ulikuwa na mwandiko wa mama yake mdogo. Pua nzuri kuliko zote alizowahi kuzifundisha, na yeye ndiye aliyekuwa anaiua, glasi moja baada ya nyingine.

Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alipoamua kusema, alisema.

"Pua yako ni nzima. Iliyokufa ni yangu."

Kijiti aliacha kulia ghafla, mdomo wazi.

"Tangu yale mafua. Sisikii chochote. Siki, kahawa, gesi, chochote. Juzijuzi nusura nijilipue jikoni, mdogo wako ndiye aliyeniokoa. Mchuzi wa shemeji sikujua umeungua. Ule mweupe kama ulisikia siki, basi ulikuwa siki. Na huu," akagonga glasi kwa ukucha, "kama umesikia boksi, ni boksi."

Kijiti alihesabu kwa vidole tangu yale mafua.

"Miezi mitano," alisema Kijiti polepole.

"Mitano."

"Mimi naoga maji kama samaki."

"Nimesikia."

"Hujasikia! Wewe husikii kitu!" Sasa alikuwa amesimama, mwembamba, kidole hewani, na sauti yake ilipanda hadi kwenye ngazi. "Daktari ameniingiza waya puani, mama mdogo! Waya! Nikiwa nimeshika mkono wa nesi! Na wewe uko hapa unatikisa kichwa, 'rudi unuse tena, mwanangu'! Na pilipili! Miezi miwili nakula chakula kama mgonjwa wa wodini, kwa ajili ya pua yako!"

"Una haki ya kunisema."

"Nina haki ya kukumwagia huu mvinyo!"

"Mwaga. Si umeandika mwaga?"

Lilimtoka hivyo hivyo, kavu kavu, na kwa muda hakuna aliyejua litaangukia wapi. Kijiti aliitazama glasi. Alimtazama mama yake mdogo. Pua yake ilianza kutanuka, mabega yakatikisika, na Mama Pua akadhani ni kilio kimerudi. Kumbe ni kicheko. Kilianza kama kwikwi, kikamshinda, akashika meza.

"Uyoga," alisema, akilisoma daftari la mama yake mdogo kwa juu. "Ngozi ya kiatu kipya! Tambara la dekio, yeye anasikia ngozi ya kiatu kipya!"

"Kwa mbali," Mama Pua alisema. "Niliandika kwa mbali."

Wakacheka mpaka mbavu zikauma, mmoja ameegemea rafu, mwingine amejikunja kwenye kiti, na katikati ya kicheko Mama Pua aliona machozi yanamtoka na hakujua ni ya nini, wala hakujali. Kifua chake kilikuwa chepesi. Hakuwa amejua ni kizito kiasi gani mpaka pale kilipoacha kuwa kizito. Miezi mitano alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko, na sasa yai limeanguka, limevunjika, na kumbe mtu anaweza kuendelea kutembea. Mikono huru.

"Kwa hiyo mimi ni mzima," Kijiti alisema hatimaye, akijipangusa macho. Alilisema kama swali.

"Mzima kuliko mimi nilivyokuwa umri wako. Kaa chini. Chupa bado iko moja."

Safari hii hawakugeuziana migongo. Mama Pua alivuta kizibo cha pili, hakukinusa, akampa Kijiti. Msichana alikisogeza puani, akafumba macho, na Mama Pua akajikuta ameshika ukingo wa meza. Miaka minane wale Wafaransa walikuwa wamelala pale kwa neno lake yeye. Kama na hii ilikuwa mbovu, au imekufa usingizini, hapakuwa na ya tatu iliyosimama, na saa ilikuwa inaelekea saa tano.

"Safi," Kijiti alisema. "Kizibo safi."

Wakamimina. Kijiti akazungusha, akaingiza pua, akatulia muda mrefu. Mama Pua alimsoma usoni, lakini si kwa wizi kama miezi iliyopita. Alimsoma waziwazi, kama mtu anayesikiliza.

"Sema. Usiogope. Sema unachosikia wewe."

"Cheri zipo. Si mbichi, ni kama... kama zile za kwenye kopo, juisi imeanza kuwa nzito." Akavuta tena. "Kuna waridi. Waridi lililokauka kwenye kitabu. Halafu nyuma, mbali, kuna kitu kama ardhi, kama ukiingia kwenye ghala baada ya mvua. Lakini mama mdogo, hakijatoka. Kinachungulia tu. Kama mtu yuko nyuma ya pazia, unaona miguu."

"Miguu tu?"

"Miguu na vidole viwili."

Mama Pua akachukua glasi yake, akaonja. Aliuacha mvinyo utulie juu ya ulimi, akausukuma kwenye mashavu, akaumeza, akahesabu moyoni. Pua ilikuwa giza bado. Lakini mdomo ulikuwa wake, wa miaka kumi na sita, na kwa mara ya kwanza tangu mafua aliusikiliza badala ya kuulaumu kwa yale usiyoyajua. Uchachu ulikuwa umesimama wima, una afya. Ukakasi ulikuwa umelainika pembeni kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, ila katikati ya ulimi bado palikuwa na mkono mdogo unaoshika, unakataa kuachia. Na baada ya kumeza, mdomo uliendelea kutiririka mate, muda mrefu, muda mrefu sana.

"Yuko hai," alisema. "Yuko hai kabisa, huyu mshenzi. Ana nguvu za kwenda mbali. Lakini katikati bado anashika."

"Pua inasema pazia."

"Na mdomo unasema mkono. Ni kitu kimoja hicho."

Wakatazamana.

"Tuwaache walale mwaka?" Kijiti aliuliza.

"Wewe unasema mingapi?"

Wiki iliyopita tu msichana angesubiri kusikia kwanza. Sasa alinusa mara moja zaidi, akaiweka glasi chini. "Miwili."

"Miwili," alisema Mama Pua. "Ningesema miwili."

"Na pua yako?"

"Nitakwenda kwa huyo daktari wako wa waya. Kesho asubuhi. Nesi atanishika mkono na mimi."

"Alisema kuna watu hurudiwa baada ya mwaka, au miwili. Kuna na wengine hawarudiwi."

"Basi nitajua mimi ni wa upande gani. Kujua si kama kujificha."

Nje, hata saa sita haijatimia, ngazi zililia kwa uzito wa mtu anayeshuka na sufuria. Sufuria ilisikika ikigonga ukuta kila kona. Mpishi alichomoza kichwa, akakiinamisha, akaziona chupa mbili wazi na macho manne mekundu.

"Nani kafa?"

"Pua yangu," alisema Mama Pua. "Miezi mitano iliyopita. Mchuzi wako ulikuwa umeungua, shemeji, nisamehe. Sikusikia."

Mpishi aliishusha sufuria taratibu mpaka chini. Kisha uso wake wote ukalegea. "Shemeji," alisema, "wiki mbili silali. Nilidhani unanichukia. Nilidhani unataka niaibike mbele ya meneja."

"Ningekuchukia ningekwambia usoni, si kwa mchuzi."

"Kweli," alikubali. "Hilo kweli. Na Wafaransa?"

"Jumamosi hawapandi. Muulize mwenye pua, atakwambia kwa nini."

Akasimama. Shingoni mwake, kwenye kamba nyeusi, ulining'inia ufunguo wa stoo, ule aliouvaa miaka kumi na sita, hata kwenye harusi, hata hospitalini alipojifungua kitindamimba. Aliuvua kupitia kichwani, kamba ikamvuruga nywele, akamvika Kijiti. Kisha akaichukua bahasha ya mapokezi kutoka mezani, akaichana mara mbili, akavitia vipande kwenye sufuria ya mpishi.

"Mama mdogo..."

"Daftari la stoo sasa unaandika wewe. Mimi nitakaa upande wa mdomo mpaka hapo tutakapoona. Funga hayo masanduku, andika tarehe na miaka miwili juu yake, kwa mwandiko mkubwa, asije mtu na sufuria."

Akaenda kwenye simu ya ukutani, akabonyeza namba ya ofisi ya juu. Nyuma yake alisikia kalamu nene ya Kijiti ikipita kwenye mbao, bila kusita, bila kukwaruza. Simu iliita mara mbili, ikapokelewa.

"Meneja," alisema, "ni mimi. Una kiti hapo? Basi kalia. Nina mambo mawili, na la kwanza linanihusu mimi."